Simu ya intaneti ikikatakata ukiwa nje ya nchi, bando kubwa sio dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo linaloniuma, maana linawatesa wasafiri wengi na watu wao waliobaki nyumbani. Mtu ameenda nje kwa masomo au matibabu au kazi, anapiga simu ya WhatsApp au programu nyingine yoyote ya intaneti, sauti inakatakata, mara inakuwa ya roboti, mara wote mnaongea kwa pamoja halafu wote mnanyamaza mkisubiriana, mwisho mnachoka mnakata mnaandikiana meseji. Na ushauri anaopewa ni ule ule miaka yote: ongeza bando, nunua kifurushi kikubwa, hamia hoteli yenye intaneti ya kasi. Huo ushauri mara nyingi unamalizia watu hela na simu inabaki vile vile mbovu, na sababu inaelezeka vizuri tu bila mtu kuwa fundi.

Simu ya sauti haili intaneti nyingi. Mfumo wa zamani wa kusimba sauti unaoitwa G.711, ambao mitandao ya simu imeutumia miaka na miaka, unachukua kilobiti 64 kwa sekunde, ukijumlisha na vikolombwezo vya kusafirishia bado hufiki kilobiti 100. Mfumo mpya zaidi unaoitwa Opus, uliotangazwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2012 na ambao programu nyingi za kisasa zinautumia, unaweza kushuka mpaka kilobiti 6 kwa sekunde na bado mtu akaelewa unachosema. Sasa hoteli inakutangazia megabiti 20 kwa sekunde (megabiti moja ni kilobiti 1,000), hiyo ni zaidi ya mara mia mbili ya kile simu inachohitaji, na bado sauti inakatika. Ujue tatizo liko kwingine.

Liko kwenye muda. Unapoongea, simu inaikata sauti yako vipande vidogo vidogo, kwa kawaida kila kipande milisekunde 20 (sekunde moja ina milisekunde 1,000), kwa hiyo kila sekunde vinaondoka vipande kama 50 na kila kimoja lazima kifike kwa wakati wake na kwa mpangilio. Kikichelewa sana kinatupwa, hakina kazi tena maana neno lake limeshapita. Ndio maana mtu anashangaa video ya YouTube inacheza safi na meseji ya sauti inafika bila kasoro lakini simu kwenye intaneti hiyo hiyo haisikiki. Video inajiwekea akiba mbele, meseji ya sauti ikipoteza kipande inakiomba tena mpaka ikipate, hamna haraka. Simu haina nafasi hiyo.

Kwa hiyo wanaoharibu simu ni watatu, kuchelewa, kuyumba na kupotea. Kuchelewa ni muda ambao sauti inatumia toka mdomoni kwako mpaka sikioni kwa mwenzako. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, kwenye mwongozo wake wa G.114 linasema ikiwa chini ya milisekunde 150 kwa upande mmoja watu wengi hawaoni shida, na isizidi 400. Kuyumba ni pale kipande kimoja kinafika baada ya milisekunde 60, kinachofuata baada ya 200, kingine baada ya 80, simu inajaribu kuvisubirisha kidogo ivipange ila ikishindwa unasikia ile sauti ya roboti. Kupotea ndio kupotea, kipande hakifiki kabisa, na vikianza kupotea kama viwili katika kila mia sikio linaanza kulalamika.

Cha kwanza basi kabla hujagusa setingi yoyote ni kusikiliza simu inaharibika VIPI, maana kila ugonjwa una dalili yake. Mnagongana kuongea lakini maneno yenyewe yako safi, hapo ni kuchelewa. Maneno yanamezwa au yanakuwa ya chuma, hapo ni kuyumba au kupotea. Unasikia sauti yako mwenyewe ikirudi, hapo kwa kawaida kosa liko kwa mwenzako, spika yake inaingia kwenye maiki yake, mwambie apunguze sauti au avae hedifoni, usihangaike na intaneti yako. Wewe unamsikia vizuri yeye hakusikii vizuri, upande wako wa kutuma ndio umebanwa. Simu imeunganishwa kabisa dakika zinahesabika lakini upande mmoja kimya tupu, mara nyingi ni ukuta wa ulinzi wa mtandao wa hoteli au ofisi unaozuia sauti kupita, hapo hata ungekuwa na gigabiti haisaidii, badilisha mtandao. Na simu inayokufa kila skrini ikizima, angalia kwanza kama umewasha hali ya kubana betri au kubana data, hizo zinanyima programu nafasi ya kufanya kazi ikiwa nyuma.

Dalili hizi zingejulikana na watu wengi nusu ya malalamiko yangeisha.

Halafu kuna jaribio moja ambalo ningependa kila msafiri alijue. Simu ikiwa mbovu kwenye waifai ya hoteli, zima waifai, piga kwa data ya simu kwa dakika moja tu. Ikiwa safi, mwizi ni waifai ya chumbani. Ikiwa mbovu vile vile, mpigie mtu aliye mji huo huo uliopo. Huyo ukimsikia vizuri, basi chumba hakina kosa wala mtandao wa nchi hiyo hauna kosa, shida iko njia ndefu ya kwenda nyumbani au iko kwa yule uliyekuwa unampigia. Dakika chache tu unakuwa umeshajua uhangaike na nini, wakati watu wanakaa wiki nzima wanafuta programu na kuiweka upya.

Tuanze na chumba maana ndiko kwenye makosa mengi. Ruta ya hoteli, kile kifaa kinachorusha waifai, mara nyingi iko kwenye korido, wewe uko nyuma ya ukuta wa zege na mlango mzito, simu inaonyesha alama mbili za waifai unajiambia inatosha, kumbe vipande vinapotea na kutumwa upya muda wote. Sogea karibu na mlango, au shuka sehemu ya mapokezi, ikitulia umejua. Waifai nyingi zinarusha kwenye masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ile ya 2.4 inafika mbali zaidi lakini imejaa, kila chumba kipo humo, maikrowevu nayo inafanya kazi humo humo, na Bluetooth pia. Ile ya 5 haipiti ukuta vizuri lakini ukiwa karibu nayo simu inatulia sana. Ukiona majina mawili ya waifai moja ina 5G mwishoni, jaribu hiyo (hiyo 5G hapo ni gigahezi 5, sio 5G ya kampuni za simu).

Na kwa kuwa nimetaja Bluetooth, hedifoni zisizo na waya zinawaponza wengi. Zikiwa zinapiga muziki ni nzuri, ila maiki ikishawashwa kwa ajili ya simu nyingi zinabadilisha namna ya kufanya kazi, ubora unashuka, halafu zinagombania masafa na waifai ya 2.4 simu ikiwa imeunganishwa huko. Mtu anailaumu intaneti kumbe ni masikioni kwake. Chomeka hedifoni za waya uone tofauti. Mimi nawasihi wasafiri wote wabebe za waya kwenye begi hata kama wana zile za bei kubwa.

Lingine la chumbani, na hili nalitilia mkazo kuliko yote, ni picha. Msafiri ameshinda anapiga picha na video, jioni anafika hotelini, simu inakuta waifai na yenyewe kimya kimya inaanza kupandisha picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni. Njia ya kutuma kwenye hoteli nyingi ni nyembamba kuliko ya kupokea, picha zinaijaza, na ruta badala ya kukataa inazipanga foleni ndefu ndani yake, sasa vipande vya sauti yako vinakaa nyuma ya foleni hiyo kama baiskeli nyuma ya msafara wa malori. Hapo ndipo muda unaruka kutoka milisekunde 50 mpaka elfu na zaidi. Ukipima spidi kabla ya picha kuanza utaona kila kitu kizuri, ukipiga simu saa ileile zinapopanda ni balaa. Kwa hiyo kabla ya kupiga simu simamisha bakap ya picha, simamisha masasisho ya programu, na kama mko familia chumba kimoja muulize mtoto kama anapakua gemu. Na kama wageni wa hoteli nzima wanafanya hivyo hivyo saa mbili usiku, hutaweza kuwazuia, piga asubuhi mapema.

Tuje kwenye njia yenyewe sasa, na hapa ndipo watu wengi hawaambiwi ukweli. Ukisafiri na laini yako ya nyumbani ukawasha roming, yaani laini hiyo itumie mitandao ya nchi uliyopo, data yako kwa kawaida haitokei kwenye intaneti ya nchi uliyopo. Inafungwa inarudishwa mpaka kwenye mitambo ya kampuni yako nyumbani, ndipo inatoka kwenda inapokwenda. Chukua mtu yuko Tokyo na nchi yake iko kilomita 10,000 kutoka hapo. Akimpigia mwenzake aliye mtaa wa pili hapo hapo Tokyo, sauti inaenda nyumbani halafu inarudi Japani. Mwanga ndani ya nyaya za faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 10,000 ni milisekunde 50 kama waya ungenyooka moja kwa moja, na haunyooki, unazunguka mabara na bahari na kupita kwenye mitambo mingi. Kwenda na kurudi inakuwa sio chini ya 100 na mara nyingi ni zaidi sana. Na kama mwenzake naye yuko kwenye roming, zidisha.

Sisemi roming ni mbaya kila mara. Kama unampigia mtu aliye nyumbani sauti ilikuwa lazima iende huko tu, hapo hasara sio kubwa. Ubaya unakuja ukiwa na mkutano na watu wa bara ulilopo, au seva ya programu, yaani kompyuta inayopitisha simu zake, iko huko huko uliko. Hapo laini ya nchi husika ni bora zaidi, data inatokea hapo hapo.

Halafu kuna hizi eSIM za wasafiri, laini zisizo na kadi ya kuchomeka, zinazouzwa mtandaoni, rahisi kweli kununua na mimi sizipingi, ila nyingi zinafanya kama roming, zinatolea data nchi ya tatu. Uko Ulaya, data yako inatokea Singapore au Hong Kong, na hakuna aliyekuambia. Kujua ni rahisi, ukishaiwasha fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya IP, ile namba inayokutambulisha mtandaoni, uone inasema uko nchi gani. Ikisema uko bara lingine, usitegemee simu nzuri kwenye laini hiyo hata ukinunua gigabaiti 50. Hapo ndipo hela za watu zinapotea, mtu anaongeza gigabaiti wakati shida ni njia.

VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mahali pengine kwanza, nayo ni hivyo hivyo. Wengi wanaisahau imewashwa tangu nyumbani, na seva waliyochagua iko bara lingine, kila neno linapita huko kwanza. Zile za bure ndio zimejaa watu kupita kiasi. Izime ujaribu, na kama kazi yako inakulazimisha kuitumia chagua seva iliyo karibu na uliko. Hata hivyo kuna nchi ambazo simu za intaneti zenyewe zinazuiwa, na hapo dalili yake ni tofauti, simu inaita lakini haishiki au inashika bila sauti wakati meseji zinaenda vizuri. Umoja wa Falme za Kiarabu kwa miaka mingi imezuia simu za WhatsApp na kuruhusu programu zenye leseni tu, na China WhatsApp yote imefungiwa. Msafiri wa huko asianze kulaumu waifai. Aulize kabla hajaondoka ni programu gani inaruhusiwa, aiweke kwenye simu yake na kwenye simu ya mzazi wake pia, maana ukishafika huko kumfundisha mzee kwa mbali wakati hamsikilizani ni kazi ngumu mno. Na VPN kwenye nchi hizo soma sheria kwanza, kuna mahali inaweza kukuletea kesi.

Walioko melini au kwenye maeneo ya satelaiti nao wanastahili kuambiwa ukweli. Satelaiti za zamani zinazokaa sehemu moja angani ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, sauti kupanda na kushuka ni kama robo sekunde kwa upande mmoja kabla hujahesabu kitu kingine chochote, na hakuna setingi itakayoondoa hiyo. Kubalianeni tu kuongea kwa zamu, mtu amalize sentensi aseme "haya", mwingine aanze. Zile mpya zinazoruka chini, kama za Starlink ambazo ziko kilomita mia chache tu juu, hazina tatizo hilo.

Kwenye setingi za programu kuna machache tu ya kuangalia. Zima video, hilo la kwanza, video inakula mara nyingi zaidi ya sauti na inaibania njia. WhatsApp ina sehemu ya kutumia data kidogo wakati wa simu, iwashe ukiwa kwenye mtandao mbovu. Pia tangu 2023 ina sehemu ya kuficha anwani yako ya IP wakati wa simu, ambayo inapitisha simu zote kwenye seva zao badala ya kwenda moja kwa moja kwa mwenzako, na wenyewe wanasema inaweza kupunguza ubora. Kama una sababu ya usalama iache iwake, kama uliiwasha bila kujua jaribu kuizima. Na ile tabia ya simu kuruka yenyewe kutoka waifai kwenda data na kurudi, ukiwa kwenye ukingo wa waifai inakata simu kila dakika, chagua moja uzime nyingine.

Ukipima mtandao usiangalie megabiti peke yake. Angalia pingi, ambayo ni muda wa kwenda NA kurudi, kwa hiyo ile 150 ya ITU huku ni kama 300, na uchague seva ya kupimia iliyo karibu na mtu unayempigia sio iliyo karibu na wewe, hapo ndio watu wanadanganyika, wanapima mpaka mtaa wa pili wanaona milisekunde 8 wanafurahi. Angalia na kuyumba, chini ya milisekunde 30 iko salama.

Tusisahau upande wa pili. Mara nyingi aliyeko nje anateseka na setingi zake zote kumbe mama nyumbani amekaa chumba cha ndani mtandao haufiki, au simu yake imejaa haina nafasi. Mwambie kwa upole, mama naomba sogea dirishani kidogo. Na kuna siku kosa sio la mtu yeyote, nyaya za chini ya bahari zinakatika, kama Februari 2024 zilipoharibika kwenye Bahari ya Shamu na mawasiliano kati ya Asia, Afrika na Ulaya yakalazimika kuzungushwa njia nyingine ndefu. Siku kama hiyo hata ufanye nini kwenye simu yako hutapata kitu, tuma meseji za sauti mpaka njia itengenezwe.

Sasa ombi langu Mhariri, na hili ndilo lililonifanya niandike. Wanaotuuzia vifurushi vya roming na eSIM za safari wanaandika gigabaiti na siku, basi. Hawaandiki data itatokea nchi gani, wakati kwa mtu anayenunua ili aongee na watoto wake hilo ndilo la muhimu kuliko gigabaiti zote. Mahoteli nayo yanaandika megabiti za kupokea, ya kutuma hayaitaji. Nakuomba waandishi wako wakawaulize hawa, kampuni moja moja, data ya mteja inatokea wapi na kwa nini haiandikwi kwenye tangazo, na majibu yao myachapishe hapa gazetini kama walivyoyatoa ili mtu ajue kabla hajalipa.

Wako,
Msomaji wa siku zote